Muuza Mbegu wa Mvua za Kwanza

Atu, binti yangu,

Kabla yangu mimi baba yako, shule yetu haikuwa na majira ya mwaka. Ilikuwa na vumbi na tope, basi. Masika niliyaleta mimi. Kipupwe nilikileta mimi. Maua ya mwezi wa nne niliyaamuru mimi yachanue na yakatii, na hata korongo wanaotua uwanjani kila mvua zikianza, nani aliwaonyesha njia? Waulize walimu wa Uyole nzima kama kuna mwenye digrii aliyewahi kuniambia tofauti ya mchicha na magugu kabla sijamwambia yeye. Mwanamume aliyeiaga shule kidato cha pili, tena kupitia dirishani, leo anaitwa Profesa wa Mchicha. Wanafunzi wanasema ni utani. Waache waseme, wivu huo. Kesho unakwenda Iringa kuanza kidato cha tano, unakwenda kusoma Kemia, Baiolojia na Jiografia. Wakikuuliza baiolojia umeijulia wapi, waambie umelelewa nayo nyumba moja, na huwa inakoroma.

Najua umecheka. Nilitaka ucheke hapa mwanzoni, maana huko mbele sina hakika.

Habari za sabuni na kufuli sitaziandika. Shangazi yako ameshazisema mpaka tranka lenyewe limeelewa. Mimi naandika kwa sababu ya lile neno ulilolisema juzi tukiwa mezani. Ulisema, "Baba, basi likifika Mafinga nitafumba macho mpaka liondoke. Na usinipe salamu za mtu." Mimi nikasema, "Fumba na pua, pale stendi wanakaanga samaki." Hukucheka. Uliinuka ukaenda kuosha sahani ambayo ilikuwa safi.

Huyo "mtu" ni mama yako. Anaishi kijiji cha nyuma ya Mafinga, na siku za soko ana meza yake nyuma ya stendi. Tangu ulipoanza darasa la kwanza hujalala naye nyumba moja, na jina lake hulitaji. Ndiyo maana barua hii nimeiweka chini ya maandazi, kwenye mfuko utakaoushika mkononi. Nakujua, kabla ya Makambako utakuwa umeyamaliza maandazi yote na kuifikia. Ukishaisoma, hapo macho ni yako. Fumba au fumbua.

Leo asubuhi sakitu ilikuwa imepiga. Nilishuka bustanini kabla ya jua, nyasi nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, majani ya maboga yameshakuwa meusi, yananing'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Nikachukua ndoo nikaanza kuyaosha majani ya viazi, tuta kwa tuta, maji yaondoe ile barafu kabla jua halijaigusa. Jua likiikuta, jani linaungua. Kila mtu hapa anajua kwamba ujanja huo niliuvumbua mimi. Hata mwalimu mkuu aliwahi kunisifu mbele ya wageni, nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Sikuuvumbua, Atu. Alinifundisha mama yako.

Nilipoajiriwa pale shuleni kulinda na kufyeka, nilikuwa kijana wa juzi tu, jembe naliweka begani kama bunduki nikipita mbele ya madarasa. Mama yako alikuwa anawapikia wanafunzi uji. Mimi nikaamua kumshangaza kwa karoti. Nilipanda tuta zima, na kwa kuwa sina subira, kila asubuhi nilizing'oa kidogo nione zimefika wapi, kisha nazirudisha. Siku moja akasimama nyuma yangu na sufuria kichwani.

"Kamwene," akanisalimia kwa Kihehe chao. "Hizo unazizika au unazifufua?"

Nilitafuta jibu siku nzima. Sikulipata, nikamwoa.

Ni yeye aliyeliona lile bonde la chini, kwenye kona ya kiwanja cha shule, penye mkuyu na matete. Kwetu sisi palikuwa mahali pa kupotezea mipira. Kwao pale ni kinyungu. Wewe unalijua neno hilo, lakini labda wenzako wa bwenini hawatalijua, waelezee: wakati sisi huku tunatundika majembe tukisubiri mvua, watu wa kwao wanashuka bondeni kwenye unyevu, wanainua matuta, na katikati ya kiangazi wanakula mboga mbichi kama wafalme. Alichimba matuta yake mpaka karibu na jicho la maji, halafu akasimama. Mwalimu mkuu akamuuliza mbona hamalizii mpaka kwenye matete. Akasema, "Hapa pa wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Chura. Ndege. Nyoka mmoja mzee, mnisamehe."

Basi jina likabaki. Mpaka leo wanafunzi wakitumwa kwenda kuangalia wadudu wanasema wanakwenda Pa Wenyewe, na hawajui ni nani aliyesema hivyo kwanza. Wengi wanadhani ni mimi. Sijawahi kuwasahihisha.

Wewe ulikulia pale. Alikuwa anakulaza kwenye kanga chini ya mkuyu huku akipalilia. Mvua za kwanza zikianguka, kumbikumbi wanafumka ardhini kama moshi, nawe unawala wabichi na mabawa yao, mama yako akikufungua kinywa akupukute. Masika yakikolea, chura wanaimba mpaka mwalimu wa darasa la kwanza aliomba kuhamishiwa chumba kingine, akasema hawezi kufundisha irabu akishindana na kwaya. Mwezi wa nne maua. Kipupwe kikiingia, mji mzima una rangi ya gunia, kinyungu cha mama yako ni kijani peke yake, mtu anakiona tangu kule barabarani penye malori. Mwezi wa tisa upepo na vumbi, lakini jicho la maji halikukauka. Liliwahi kupungua. Kukauka, hapana.

Sasa nifike kwenye miti.

Mwaka ule kila mtu alikuwa anapanda miti. Watu walikwenda Mafinga wakaona malori ya mbao na nguzo, wakarudi na macho ya matajiri. Mimi nikarudi na miche ya mikaratusi. Nikasimama kwenye kikao cha wazazi, suruali imenyooshwa, nikawaambia tuizungushe bonde lote la chini, inakua upesi, shule itauza nguzo, mtajenga madarasa, na mimi mtanijengea sanamu. Wakapiga makofi. Mama yako akainuka. Hakuwa mtu wa kuinuka kwenye vikao. Wewe ulikuwa mgongoni kwake.

Akasema, "Miti hiyo inakunywa. Ipandeni kule juu kilimani, si kwenye jicho la maji."

Na mimi, Profesa, nikainuka tena. "Ndugu wazazi, msimshangae mke wangu. Anadhani mikaratusi ni kama shemeji zangu, ikiona maji inadhani ni pombe ya komoni!"

Kikao kizima kilianguka kwa kicheko. Mwenyekiti alifuta machozi. Mama yako akaifunga upya kanga yako mgongoni, polepole, akaketi. Nilidhani aliyenyamaza ameshindwa. Nimechukua miaka mingi kujua kwamba watu wengine wananyamaza kwa kuwa wamekwisha kuona mwisho wa jambo, wanatusubiri tufike.

Miti ikakua. Haki ya Mungu ilipendeza. Wewe ulikuwa unapimia urefu wako kwenye mmoja, ukilia kila ukikuacha. Halafu yakaja masika fulani, mvua imenyesha vizuri tu, ukaniuliza, "Baba, mbona chura hawaimbi? Wamekwenda wapi?"

Nikakwambia, "Wamefaulu mtihani. Wamechaguliwa kwenda kusoma Iringa."

Ulifurahi kwa ajili yao. Uliwaaga pale kwenye matete, ukapunga mkono.

Kipupwe kilipoingia mama yako akashuka na jembe kama kila mwaka. Nilimwona kwa juu. Alipiga jembe mara ya kwanza, vumbi likainuka. Akasogea, akapiga tena, vumbi. Akaenda mpaka kwenye jicho lenyewe, akaingiza mkono, akautoa mkavu. Hakunipigia kelele. Usiku akapakua chakula, akasubiri ulale.

"Baba Atu, sitaki ulete maji. Maji yamekwisha kwenda. Nataka useme tu kwamba ulikosea. Neno moja."

"Mvua imechelewa tu, mwanamke."

"Imenyesha Uyole yote. Sema nilikosea, tulale."

"Na mimi nataka helikopta," nikasema.

Hakucheka. Ndiyo maana juzi, ulipoinuka pale mezani ukaenda kuosha sahani safi, nilishika meza. Ni mgongo ule ule.

Alinisubiri kipupwe chote, na upepo wote wa mwezi wa tisa. Mvua zikarudi, bado ananisubiri. Katikati ya masika, wewe ukiwa ndiyo kwanza umeanza darasa la kwanza na sare inayokuburuza, ikaja habari kwamba bibi yako wa Mafinga anaumwa. Akafunga nguo zake chache. Alitaka usikatize shule, akasema atakuchukua likizo. Pale mlangoni akanigeukia: "Lile neno ukilipata, lilete. Nitarudi nalo." Nikamwambia asisahau kutuletea ulanzi, pombe ya mianzi ya kwao.

Watu waliponiuliza mkeo yuko wapi, nilijibu, "Amekwenda kwao kunywa ulanzi." Walicheka. Niliwachekesha mwaka mzima. Mtu mmoja hakucheka, mdogo, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko anasikiliza, akauchukua utani ule akaufanya historia ya mama yake. Bibi yako aliumwa mwaka ule mzima, Atu. Mama yako alikuwa anamgeuza kitandani. Hapakuwa na ulanzi.

Ushauri sina, mimi si mchungaji, na wachungaji wenyewe huwa nawasinzia. Ninachokijua ni mikaratusi. Utani wangu ulikuwa mkaratusi. Unakua upesi, watu wanausifu, unapendeza kwa juu, na chini kwa chini unakunywa.

Miti niliikata. Hilo unalijua, ulinisaidia kuvuta matawi, nikakwambia bei ya nguzo imeshuka. Mkaratusi ukiukata haufi. Shina linatoa machipukizi, mengi kuliko mwanzo, yanakuja na majani laini ya buluu kama hayajawahi kumkosea mtu. Kila mvua ninayakata. Wanafunzi wakiniuliza, "Profesa, hiyo vita utaimaliza lini?" nawaambia mimi na shina tunapendana. Kuna jambo sikukwambia. Masika haya yaliyopita, jioni moja wewe ukiwa unajisomea ndani, nilisikia chura Pa Wenyewe. Si kwaya. Mmoja tu, anajaribu, ananyamaza, anajaribu tena. Nilikaa kwenye nyasi zilizolowa mpaka makalio yakapata baridi, samahani kwa lugha. Sikuja kukuita. Niliogopa ungeniuliza kama amefeli huko Iringa.

Na sasa zile mbegu.

Unazikumbuka kuliko mimi. Kila mwaka, vumbi likiwa limezidi na mvua bado, mfuko unashushwa kwenye basi pale barabarani, umefungwa kwa kitambaa fundo mbilimbili. Maharage ya madoa mekundu. Maboga yale yanayostahimili. Alizeti zilizokupita urefu ukasema ni walimu wa zamu. Na mbegu nyembamba kama sindano za yale maua ya pinki na meupe ambayo wageni huyapiga picha mwezi wa nne, nami nasimama pembeni, mikono nyuma. Wewe ndiye uliyekuwa unafungua fundo kwa meno. "Baba, muuza mbegu ametukumbuka!" Ulimpenda mtu huyo. Ukiwa darasa la tano ulimwandikia insha, "Mtu Ninayempenda Nisiyemjua," na mwalimu akaisoma mbele ya wazazi. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma. Nilitoka nikasema nakwenda kuzuia mbuzi. Hapakuwa na mbuzi.

Kwa hiyo majira yale niliyokwambia nimeyaumba, yote yalishuka kwenye basi. Kazi yangu ilikuwa kuyapokea.

Wiki iliyopita nilimpigia mama yako simu. Nilimwambia umefaulu, unakwenda Iringa, basi litasimama Mafinga, aje stendi akuone. Nikasikia mtu anamuuliza bei ya vitunguu.

"Stendi sitakuja," akasema. "Nitakuwa mezani kwangu, nyuma pale. Safari hii aamue mwenyewe."

Umelisikia hilo, "safari hii"? Mimi nililisikia. Lilinipata hapa kifuani kama mpini wa jembe. Maana ilikuwapo safari ya kwanza, na hukuamua wewe.

Ilikuwa mvua za kwanza, mwaka ule baada ya bibi yako kuzikwa. Ulikuwa darasa la pili. Mchana mvua ilipiga, ikakatika, jua likatoka, kumbikumbi wakafumka na shule nzima ikakimbilia Pa Wenyewe. Wewe ulikuwa na kopo la mafuta ya kupikia. Mimi nilikuwa getini. Akaja mwanamke kwa miguu, amejifunika kanga kichwani imelowa, kiatu kimoja kimekatika kamba, na mfuko kifuani anauzuia usipate maji.

"Kamwene, Baba Atu."

Nililishika geti.

"Umelipata lile neno?"

Nilikuwa nalo, Atu. Nilikuwa nimelala nalo karibu miaka miwili, lilikuwa hapa kwenye ulimi, limeiva. Lakini nilimtazama amesimama pale, amekonda, bado ana heshima yake, nikaona kwamba nikilisema ataingia, na ataingia akiwa yeye ndiye aliyekuwa sahihi tangu kwenye kikao, na wewe utamkimbilia, na mimi nitabaki na jembe langu begani. Nikalimeza. Nikasema lingine.

"Mtoto hataki kukuona."

Akatazama kule chini. Mlikuwa mnapiga kelele za furaha, sauti yako iko juu ya zote.

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akauweka mfuko chini, mahali pakavu, akaufunika vizuri. "Basi zipande hizi. Labda hizi atazikubali." Akageuka.

Ulipanda mbio na kopo lako limejaa, mabawa yamekuganda mashavuni. Ukasimama. Yeye alikuwa ameshafika barabarani.

"Baba, yule mama ni nani? Anatembea kama mama."

Nikasema, "Muuza mbegu."

Ulimtazama mpaka lori likapita katikati, na lilipokwisha kupita hakuwapo. Halafu ukachutama pale, ukaanza kufungua fundo.

Hukuwahi kusema kwamba hutaki kumwona, Atu. Hukuwahi kuulizwa. Nilisema mimi.

Nilikosea.

Baba yako